Fahamu: Kwa nini wakoloni waliwachanganya askari wa Kongo

Mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, suala la kuwaingiza waasi jeshini halijapoa: kundi la M23 limepata jina lake kutokana na makubaliano ya Machi 23, 2009 kuhusu jambo hilohilo. Ila hofu ya askari wanaotii wenzao kuliko serikali ilianza zamani.

Mwaka 1893 maofisa wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo, walimuua chifu Gongo Lutete, mshirika wao wenyewe. Mwaka 1895 askari waliokuwa wafuasi wake waliasi katika kituo cha Luluabourg, wakamuua kamanda wao. Mwaka 1897 askari wa msafara wa ofisa Dhanis nao wakaasi, wengi wao wakiwa wa kabila la Batetela. Walichoshwa na safari ndefu, njaa na viboko. Wakashuka kusini hadi bonde la Ruzizi na mwambao wa Tanganyika, wakipigana njia nzima.

Baada ya uasi mwingine katika ngome ya Shinkakasa mwaka 1900, jeshi hilo la kikoloni, Force Publique, lilipangwa upya. Kila kikosi kikachanganywa makabila, askari wakapelekwa mbali na kwao, Lingala ikawa lugha ya amri. Kiboko kilibaki palepale. Wakoloni waliponya hofu yao, si dhuluma iliyozaa uasi. Mwaka 1944 askari wa Luluabourg waliasi tena.