Samaki Aliyekauka Naye Amekunjwa

Wahenga walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa miaka mingi wataalamu wa ukuaji wa viumbe walikuwa na imani iyo hiyo kuhusu seli za mwili. Kila seli, walisema, huchagua njia yake mimba ingali changa. Ikishakuwa seli ya ngozi au ya neva, hairudi nyuma katu. Imani hiyo imeporomoka, na itakuwa hasara kwetu iwapo mwanafunzi wa biolojia ataondoka shuleni bila kujua sababu.

Hebu tuanze na fumbo. Binadamu huanza maisha akiwa seli moja tu, yaani yai lililorutubishwa. Seli hiyo hugawanyika ikawa mbili, nne, nane, na kuendelea. Takriban kila seli inayozaliwa hubeba DNA ile ile, yenye jeni zipatazo 20,000 za kuundia protini. Iweje basi seli ya jicho isiote kucha, na ya ini isidunde kama ya moyo?

Jawabu ni kwamba hakuna seli inayozisoma jeni zake zote. DNA ni mfano wa maktaba ya shule: vitabu ni vya wote, lakini mwanafunzi wa historia na mwenzake wa kemia hawaazimi kitabu kimoja. Wakutubi wa maktaba hii ni protini za unukuzi. Hizi huishika DNA mahali maalumu, zikaruhusu jeni fulani isomwe au zikaizuia. Mwanadamu anazo aina zipatazo 1,600. Aghalabu hufanya kazi kwa makundi, na protini moja huweza kuiamsha jeni inayounda nyingine, hata kiinitete kikapata kichwa, mgongo na viungo kwa utaratibu wake.

Nguvu ya wakutubi hawa ilidhihirika mwaka 1995 huko Basel, Uswisi. Walter Gehring na wenzake waliiamsha jeni moja ya nzi wa matunda mahali isipostahili kuamshwa. Macho yaliota miguuni, kwenye mabawa na kwenye vipapasio! Ajabu zaidi, walipotumia jeni ya panya inayolingana na hiyo, iitwayo Pax6, jicho lililoota lilikuwa la nzi wala si la panya. Kumbe protini ile haibebi picha ya jicho. Hutoa amri tu, na mwili wa nzi huitekeleza kwa jeni zake wenyewe. Nasi binadamu tunayo jeni hiyo. Nakala yake moja ikiharibika, mtoto huweza kuzaliwa bila ile sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni.

Je, seli iliyokwisha komaa yaweza kurudishwa utotoni? Mwaka 1962, John Gurdon wa Uingereza alieleza jinsi alivyotwaa kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi na kukitia katika yai la chura ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa. Majaribio mengi hayakufaulu, lakini mayai machache yalikua yakawa viluwiluwi. Maktaba ilikuwa ingali kamili! Mwaka 2006, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi wa Kyoto, Japani, walianza na jeni 24, wakazichuja hadi zikabaki nne: Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc. Kwa hizo nne waliigeuza seli ya kawaida ya panya ikawa kama seli shina ya kiinitete, iwezayo kuwa seli ya aina yoyote mwilini. Mwaka uliofuata walifanikiwa kwa seli za binadamu. Gurdon na Yamanaka walituzwa Nobel ya Tiba mwaka 2012.

Hata hivyo, tusidanganyike. Ni seli chache tu zilizogeuka katika majaribio hayo, na c-Myc ni jeni inayohusika na saratani. Anayekuuzia seli shina kana kwamba ni dawa ya kila maradhi anakiuza asichonacho.

Walimu wenzangu, mara ngapi tumemwambia mtoto kwamba hesabu haimo katika damu ya kwao? Sisemi kuwa seli ya panya ni ushahidi juu ya akili ya mtoto. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Nasema tu kwamba anayelitumia neno "jeni" kwa maana ya hukumu isiyokatiwa rufani hajaielewa biolojia anayoifundisha. Hata ndani ya seli moja, kuwa na jeni si kuitumia. Lazima pawe na wa kuifungua.

Basi somo la jeni lisiishie kwenye kukariri herufi nne za DNA. Tumuulize mwanafunzi: nani anasoma, anasoma nini, na lini? Akilijibu swali hilo, ataelewa jinsi tone moja lilivyopata kuwa yeye.