Kutoa Upepo Kwenye Injini ya Rotari

Injini ya rotari, iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel na kupata jina kupitia magari ya Mazda RX-7 na RX-8, haina pistoni. Ndani yake huzunguka rota yenye pembe tatu, na mafuta huwaka upande uleule kila mara, penye plagi. Upande huo ndio wenye moto mkali. Upepo ukikwama hapo kwenye njia za maji ya kupoza, maji hayaufikii ukuta, na upepo haubebi joto kama maji. Ganda la rota ni la aluminiamu, limebanwa katikati ya sahani za chuma. Joto likizidi, aluminiamu hutanuka zaidi kuliko chuma, mipira ya kuzibia huungua, na maji yanavujia kwenye chumba cha mwako.

Mwinuko nao huongeza hatari ya maji kuchemka: Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96. Kifuniko cha rejeta chenye shinikizo la bar 0.9 hupandisha kiwango hicho hadi karibu 116. Kifuniko kilichochoka kwa hiyo hugharimu zaidi hapa kuliko Mombasa.

Upepo hutolewa injini ikiwa baridi kabisa. Kufungua rejeta ya moto ni kujiunguza uso. Gari huegeshwa pua ikitazama juu, na mji wa vilima hauna uhaba wa miteremko. Heta hufunguliwa hadi mwisho, ingawa Kampala hakuna anayeihitaji, ili maji yapite kwenye mabomba yake pia. Kulanti, yaani maji ya kupoza, humiminwa polepole, injini huwashwa kifuniko kikiwa wazi, na mpira wa juu wa rejeta hubonyezwa kwa mkono: mapovu hupanda, maji hushuka, huongezwa tena. Themostati ikifunguka, kwenye nyuzi 82 hivi, mpira hupata moto ghafla na maji huzama mara moja. Wenye haraka huacha kazi kabla ya hapo. Gari likishapoa, kiwango hukaguliwa upya.

Kung'oa themostati, tiba inayopendwa na mafundi wengi wa Afrika Mashariki, hakuondoi upepo. Injini huchelewa tu kufikia joto lake.

Mapovu yasipokoma hata baada ya kurudia zoezi, hasa yakiwa na harufu ya moshi, gesi ya mwako inapenya mipira ya kuzibia ya ndani. Hapo injini hufunguliwa.