Maji ya Mlima Kenya Yafikapo Gotu

Msafiri atokaye Isiolo kwenda Merti hupita nchi kavu ya mawe na migunga, hata akifika Gotu ndipo auonapo mto Uaso Nyiro. Hapo pana daraja, na kando ya maji pana mikoma mirefu na majani mabichi. Mvua za Gotu ni haba. Maji haya yatoka mbali, katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, wala hayafiki baharini: huzama katika kinamasi cha Lorian. Mmarekani William Astor Chanler, katika safari yake iliyoanza mwaka 1892, aliufuata mto akitumaini kuona ziwa kubwa. Aliona matope na matete.

Waborana wa bonde hili ni wafugaji, na jembe hawakulishika kwa kupenda. Vita vya Shifta, tangu 1963 hata 1967, viliwapotezea wanyama wengi mno, na baadaye yakafunguliwa mashamba ya kumwagilia maji huko Merti na Malka Daka. (Malka kwa Kiborana ni kivuko cha mto.) Aliyekuwa na ngamia akajifunza kupanda mahindi.

Lakini shamba la jangwani hutegemea ukarimu wa watu wa juu. Huko Laikipia na kwenye miteremko ya Mlima Kenya maji huvutwa kwa ajili ya mboga na maua yapelekwayo Ulaya. Kiangazi kikizidi, mto huweza kukauka kabla ya kufika Archer's Post, sembuse Gotu. Ndipo watu huchimba mchangani kutafuta maji ya kunywa.

Kisimani Waborana wana mtu aitwaye aba herega, apangaye zamu za kunywesha, wala tajiri hamtangulii maskini. Vivyo hivyo Nizwa, katika Omani, maji ya mfereji wa falaj hugawanywa kwa saa, kila shamba na zamu yake. Uaso Nyiro wote ungefaa kupata mpangaji wa namna hiyo. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliruhusu watumiaji wa mto mmoja kuunda chama na kugawana maji, na vyama hivyo viliundwa. Ila mwenye pampu mlimani haoni ng'ombe wa Gotu, na mchungaji wa Gotu haijui pampu ile. Aijuacho ni kwamba jana mto ulikuwapo.