Matone ya kung'arisha macho yasije yakakuzimia taa

Ukishinda mwaloni Katonga, Kigoma, na upepo wa ziwa, vumbi na moshi, macho lazima yawe mekundu. Jioni una miadi na mwenzio, unakimbilia duka la dawa: "Mshikaji, nipe yale matone ya juzi." Matone mawili tu, jicho jeupe pee! Safi, au siyo?

Ngoja kwanza. Baadhi ya matone hayo yana steroidi, kama deksamethasoni. Daktari wa macho huitumia kutuliza uvimbe na mzio. Lakini ukijitilia wiki hadi wiki bila kupimwa, presha ya jicho inaweza kupanda na kuua mshipa wa kuonea taratibu, kuanzia pembeni. Ubaya wake haliumi, tena linapendeza! Mtoto wa jicho akijitokeza anatolewa, ila kilichochukuliwa na presha ya macho hakirudi.

Hata wenye vipimo vyao hawajapona. Mwaka 2005 Marekani iliruhusu Retisert, kipande kidogo kinachopandikizwa jichoni kutoa steroidi kwa miezi kama 30, kutibu uvimbe sugu wa nyuma ya jicho. Ndani ya miaka 3, zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wa majaribio walihitaji upasuaji wa presha ya jicho. Na hao walipimwa kila mara. Wewe unapimwa na nani?

Soma kichupa chako leo. Jina la dawa likiishia na "sone" au "lone", nenda kliniki ya macho upimwe presha. Kama uliandikiwa na daktari, usikatishe mwenyewe, mrudie. Nenda nacho hicho kichupa.