Lori kuukuu likiishiwa nguvu, pima mgandamizo kabla ya kufungua injini

LORI kuukuu linaposhindwa na mlima ambao zamani lilikuwa likiupanda bila taabu, likakawia kuwaka asubuhi na kunywa petroli kupita kiasi, mwenyewe huambiwa mara moja kuwa injini imekwisha na kwamba hapana budi ifunguliwe yote. Ushauri huo huenda ukawa wa kweli. Hata hivyo, waweza pia kumtia katika gharama kubwa bure, kwani hitilafu za aina hii mara nyingi huwa katika sehemu ya juu ya injini, na zaweza kutambuliwa kabla ya hedi kuguswa.

Chukua mfano wa Bedford TJ, lori ambalo kampuni ya Vauxhall ya Uingereza ilianza kuliunda mwaka wa 1958 na ambalo lilipata umaarufu mkubwa katika barabara za Afrika Mashariki. Katika injini yake ya petroli ya silinda sita, pistoni inapopanda hugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya plagi kutoa cheche. Mgandamizo huo huzuiwa usitoroke na vitu vitatu: ringi za pistoni, valvu na gasketi ya hedi. Kimojawapo kikivuja, nguvu hupotea.

Kazi ya kwanza ni kurekebisha nafasi za valvu, yaani tapeti, kwa kuwa valvu isiyofunga sawasawa humpotosha fundi. Kisha washa injini hadi ipate joto lake la kawaida, uizime, uondoe plagi zote na kukata umeme wa koili. Hakikisha betri ina nguvu. Fungua kabureta kikamilifu ili hewa iingie bila kizuizi, kaza kipimo cha mgandamizo katika tundu la plagi, halafu zungusha injini kwa stata hadi mshale ukome kupanda. Andika matokeo ya kila silinda.

Lililo muhimu si ukubwa wa tarakimu peke yake, bali tofauti baina ya silinda na silinda. Mafundi wengi hukubaliana kuwa silinda dhaifu haipaswi kuwa chini ya robo tatu ya ile yenye nguvu zaidi. Aidha, injini za zamani ziliundwa kwa mgandamizo mdogo, hivyo si haki kuzilinganisha na za magari ya kisasa. Mwinuko wa nchi nao una athari yake. Jijini Nairobi shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa, kwa hivyo injini inayosoma pauni 120 kwa inchi ya mraba pwani itasoma karibu 98 Nairobi, ilhali ni nzima kabisa.

Ukipata silinda dhaifu, tia kijiko kimoja cha oili ya injini kupitia tundu la plagi, kisha upime tena. Oili huziba kwa muda mwanya ulioko baina ya ringi na ukuta wa silinda. Mshale ukipanda sana, ringi au silinda zimelika. Usipobadilika, shuku valvu au gasketi. Iwapo silinda mbili zinazopakana zote ni dhaifu, yaelekea gasketi imeungua katikati yake.

Uthibitisho zaidi hupatikana kwa kuingiza hewa ya kompresa katika silinda, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefungwa. Weka gia na breki kwanza, maana hewa hiyo yaweza kuizungusha injini na kukuumiza. Sauti ikisikika katika kabureta, valvu ya kuingiza inavuja. Katika ekzosi, valvu ya kutoa moshi. Katika mdomo wa kutilia oili, ringi. Mapovu katika redieta huashiria gasketi au hedi iliyopasuka.

Kuna sababu moja ambayo wenye magari ya zamani huisahau. Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka wa 2006, hatua iliyoilinda afya ya umma, hasa ya watoto. Lakini risasi ile ilikuwa ikikinga viti vya valvu vilivyochongwa katika chuma laini cha hedi. Bila kinga hiyo, hasa gari linapobeba mzigo mzito, valvu ya kutoa moshi huzama kitini polepole, nafasi ya tapeti hujiziba, valvu hubaki wazi na hatimaye huungua. Dawa ya kudumu ni kuwekewa viti vya chuma kigumu.

Valvu zisizoharibika sana zaweza kusagwa upya kwa dawa ya kusagia hadi zikae sawasawa. Hedi iliyopinda hunyooshwa kwa mashine, na wakati wa kuirejesha boliti hukazwa kwa hatua, kuanzia katikati kuelekea pembeni. Kama kosa ni la ringi, pima silinda kwanza. Ringi mpya katika silinda iliyopanuka ni kupaka rangi ukuta uliooza: moshi utarudi. Silinda kama hiyo hupanuliwa kwa mashine na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Hata pale silinda inapofaa, ule ukingo ulioachwa juu na ringi kuukuu sharti uondolewe, la sivyo utavunja ringi mpya.

Tahadhari kwa wenye injini za dizeli: mgandamizo wake ni mara kadha ya ule wa petroli, hivyo kipimo cha petroli kitapasuka. Wala usitie oili, kwani yaweza kujiwasha yenyewe kwa joto la mgandamizo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Lakini ufa huzibwa na aliyeuona ulipo. Mwenye lori na amtake fundi wake amwonyeshe tarakimu za silinda zote sita, kabla na baada ya oili, ndipo wazungumzie bei.