Lugha za Kompyuta na Uzito wa Algorithimu

Wanaoanza kuitumia kompyuta katika uchunguzi wa lugha aghalabu huuliza ni lugha ipi ya programu iliyo na kasi zaidi. Swali hilo lina nafasi yake, ila si la kwanza. La kwanza lahusu algorithimu, yaani utaratibu wa hatua zifuatwazo hadi jibu lipatikane.

Katika miaka ya 1980, Jon Bentley alilitatua tatizo moja kwa njia mbili. Cray-1, mojawapo ya kompyuta zenye nguvu mno za zama zake, ilipewa programu ya Fortran iliyonolewa vyema, lakini yenye utaratibu mbaya: data zikizidi mara kumi, kazi ilizidi mara elfu. TRS-80, kijimashine cha nyumbani, ilitumia Basic, lugha ya kujikokota. Kazi yake, hata hivyo, ilizidi mara kumi tu. Kwa namba 1,000 Cray ilishinda, sekunde 3 kwa 20. Kwa namba 100,000, Cray ingehitaji siku 35, na TRS-80 dakika 32. Kasi ya lugha hupunguza muda kwa kiwango kilekile daima, ilhali pengo baina ya taratibu hupanuka kadiri data ziongezekavyo.

Kamusi ya vidahizo 30,000 ikisomwa kimoja kimoja, cha mwisho hufikiwa baada ya kulinganisha mara 30,000; ikigawanywa nusu kwa nusu, mara 15 zatosha. Sharti vidahizo viwe vimepangwa kialfabeti. Na katika Kiswahili, “hawakumpiga” halitafutwi kwenye H: yabidi viambishi viondolewe kwanza, na utaratibu wa kuviondoa hutungwa na mwanaisimu, si na lugha ya programu.