Maswali ya chemsha bongo: Mtego wa Columbo haukumlipa mwenyewe

BIASHARA ya kuuza maswali ya mashindano ya chemsha bongo kwa shule na vyuo vya Marekani ina bidhaa moja tu, nayo ni upya wa swali. Swali lililokwisha kusomwa mwaka jana ni mzigo uliooza: timu iliyowahi kulisikia hubonyeza kitufe kabla msomaji hajafika katikati. Kwa hiyo mtunzi anayenakili kazi ya mwenzake na kuiuza kama yake humtia hasara mnunuzi pia.

Wanaotegemea mahakama kuwarudishia fedha zao wana kesi moja ya kusoma.

Mwaka 1974 Fred Worth alichapisha The Trivia Encyclopedia. Ili kuwanasa waigaji, alipenyeza uongo mmoja, kwamba Columbo, mpelelezi wa kwenye televisheni, jina lake la kwanza ni Philip. Watengenezaji wa Trivial Pursuit, mchezo uliobuniwa Kanada mwaka 1979, waliingia mtegoni mzima mzima; jibu likatoka vile vile, Philip. Mwaka 1984 Worth alifungua kesi akidai dola milioni 300, kwa hoja kwamba zaidi ya robo ya maswali 6,000 yalitoka kwake.

Wenye mchezo hawakukana. Walisema kitabu hicho kilikuwa kimoja kati ya vingi walivyotumia. Mahakama ikaitupa kesi, na mwaka 1987 mahakama ya rufaa ikathibitisha kwamba taarifa za kweli hazina mwenyewe. Kinacholindwa ni namna zilivyoandikwa na kupangwa. Uongo wa Worth nao haukumsaidia, maana mwenyewe aliuuza kama ukweli. Mwaka 2008 Hasbro ilinunua haki za mchezo huo kwa dola milioni 80.

Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwenda njia hiyo hiyo katika kesi ya Feist. Mchapishaji alinakili orodha ya simu ya kampuni moja ya Kansas, yakiwemo majina manne ya kubuni yaliyowekwa kama chambo, na akashinda.

Swali la mashindano ya vyuo lina nafuu kidogo. Huwa ni aya nzima, ikianza na dokezo gumu na kuishia na jepesi, hivyo maneno na mpangilio vinaweza kudaiwa. Mjanja anayebadili maneno ndiye tatizo.

Kinga ya mnunuzi basi iko kwenye mkataba: mtunzi athibitishe kwa maandishi kuwa kazi ni yake, sehemu ya malipo izuiwe hadi maswali yalinganishwe na ya miaka ya nyuma, na yatakayobainika kunakiliwa yabadilishwe kwa gharama yake kabla ya siku ya mashindano. Msambazaji anayeficha wizi hudhani ameokoa mauzo ya msimu, lakini wachezaji ni wale wale kila mji, na kumbukumbu zao ndiyo mtaji waliokuja nao. Mnunuzi aulize kwanza nani hukagua, na hukagua dhidi ya ghala gani la maswali ya zamani. Asiyekuwa na ghala, bei yake ya chini si nafuu.